Kura yako inapita wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uchaguzi wa taifa na wa serikali za mitaa

Kupiga kura karibu kila mtu anajua: unapanga foleni, unapewa karatasi, unatia alama, unaitumbukiza sandukuni, unapakwa wino, unarudi nyumbani. Kisichojulikana sana ni safari ya ile karatasi baada ya kutoka mkononi mwako. Nani anaihesabu? Nani anaandika jumla? Inageukaje kuwa kiti cha bunge au cha baraza la madiwani, na nani anaruhusiwa kusema kwamba hesabu imekosewa? Nimejibu maswali haya kwa kuifuata karatasi hiyo kuanzia daftari la wapiga kura hadi siku ya kuapishwa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu ndipo mambo huharibikia.

Mfumo wa vyama vingi maana yake ni vyama vingi kwenye karatasi ya kura?

Hapana. Karatasi inaweza kuwa na vyama 20 na bado mshindi akajulikana kabla kampeni hazijaanza. Mimi hupima kwa swali moja: je, aliye madarakani anaweza kushindwa, na akishindwa ataondoka? Zambia ilifanya uchaguzi wa vyama vingi Oktoba 1991. Kenneth Kaunda, aliyeongoza nchi tangu uhuru wa mwaka 1964, alishindwa na Frederick Chiluba na akakabidhi madaraka. Nchini Ghana, Ikulu imehama kutoka chama kimoja kwenda kingine mwaka 2001, 2009, 2017 na 2025. Kenya iliruhusu vyama vingi mwishoni mwa 1991, lakini KANU ilikaa madarakani hadi uchaguzi wa 2002.

Ili aliye madarakani aweze kushindwa kweli, wapinzani wake lazima waweze kufanya mikutano bila kutawanywa, wasikike redioni, na wasipambane na magari na fedha za serikali zinazotumiwa na mgombea mmoja. Mambo hayo yakikosekana miezi mingi kabla, siku ya kura haiwezi kuyarekebisha.

Uchaguzi wa taifa na wa serikali za mitaa unatofautiana nini?

Uchaguzi wa taifa unachagua wanaotunga sheria za nchi nzima na wanaoongoza serikali kuu: rais, wabunge, na katika baadhi ya nchi maseneta. Kodi kubwa, jeshi, mambo ya nje na mwelekeo wa uchumi viko huko. Uchaguzi wa mitaa unachagua wanaosimamia eneo unaloishi: diwani, meya, mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa.

Kila nchi imepanga kwa namna yake. Kenya, tangu katiba ya 2010, mpiga kura hupewa karatasi sita siku moja: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi. Tanzania madiwani huchaguliwa pamoja na rais na wabunge, ila viongozi wa vijiji, mitaa na vitongoji wana uchaguzi wao, ambao kwa kawaida hutangulia uchaguzi mkuu kwa mwaka mmoja; wa mwisho ulifanyika Novemba 2024. Nchini Nigeria, tume ya taifa husimamia uchaguzi wa rais na magavana, lakini wa serikali za mitaa huachiwa tume za majimbo. Ghana imeenda mbali zaidi: wagombea wa mabaraza ya wilaya hawaruhusiwi kusimama kwa tiketi ya chama.

Hata wapiga kura wenyewe wanaweza kutofautiana. Raia wa nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya anayeishi katika nchi nyingine ya umoja huo anaweza kupiga kura katika uchaguzi wa manispaa ya huko, ingawa hana ruhusa ya kuchagua bunge la taifa. Hoja yake naiona ya haki: anayelipia huduma za mji na kuzitumia awe na sauti juu ya mji.

Kwa nini nijisumbue na uchaguzi wa diwani au mwenyekiti wa mtaa?

Kwa sababu huyo ndiye anayekaa kwenye kikao kinachoamua taka zitazolewa lini, kisima kichimbwe upande gani, soko lihamishiwe wapi, na ardhi ya wazi igeuzwe uwanja wa watoto au igawiwe viwanja. Mbunge anaweza kupiga kelele bungeni kuhusu hayo, lakini mara nyingi saini si yake.

Ni huko pia ambako kura moja ina uzito mkubwa kuliko kwingine kokote. Rais anashinda kwa maelfu au mamilioni. Diwani anaweza kushinda kwa kura tisa. Pamoja na hayo, watu huupuuza. Uingereza, uchaguzi wa mabaraza unapofanyika peke yake, mara nyingi hujitokeza kama theluthi moja tu ya waliojiandikisha. Maana yake ni kwamba familia chache zilizoamua kwenda pamoja zinaweza kumweka mtu madarakani kwa miaka minne au mitano.

Anayesema kura yake haibadilishi kitu, mwambie habari ya jimbo la uchaguzi namba 94 la bunge la Virginia, Marekani. Mwaka 2017, Shelly Simonds na David Yancey walifungana kwa kura 11,608 kila mmoja baada ya kuhesabu upya na kufika mahakamani. Sheria ilisema mshindi apatikane kwa bahati nasibu. Januari 2018 majina yao yaliwekwa kwenye bakuli, likachomolewa moja, likawa la Yancey. Kwa kiti hicho chama chake kikabaki na viti 51 dhidi ya 49. Mtu mmoja tu angeacha shughuli zake akaenda kituoni, bakuli lisingehitajika.

Nani anausimamia uchaguzi?

Nchi nyingi zina tume ya uchaguzi iliyotenganishwa na serikali. India ina tume yake tangu 1950, na mwaka 2024 ilisimamia uchaguzi wenye wapiga kura zaidi ya milioni 960 walioandikishwa, kwa awamu saba, kuanzia Aprili 19 hadi Juni 1. Kwingine kazi hiyo hufanywa na wizara: Ufaransa ni Wizara ya Mambo ya Ndani, pamoja na halmashauri za miji.

Jina la taasisi halinisumbui sana. Ninachouliza ni nani anawateua makamishna, nani anaweza kuwafukuza, na fedha zao zinatoka kwa nani na lini. Tume iitwayo huru ambayo bajeti yake inacheleweshwa hadi wiki za mwisho haiwezi kuchapisha karatasi kwa wakati, na mtu aliyetaka ivurugike hahitaji kuiba hata kura moja.

Nani anaruhusiwa kupiga kura, na kwa nini lazima nijiandikishe?

Kwa kawaida raia aliyetimiza miaka 18. Austria iliteremsha umri hadi miaka 16 mwaka 2007, na Brazil huwaruhusu wenye miaka 16 na 17 bila kuwalazimisha. Australia, kupiga kura katika uchaguzi wa taifa ni wajibu wa kisheria tangu 1924, na asiye na sababu hutozwa faini.

Kujiandikisha kunahitajika ili kila mtu awe na kituo kimoja na kura moja. Daftari likijaa marehemu na waliohama, linakuwa ghala la kura za wizi. Likiwa na mapengo, linamfukuza mwenye haki. Tume nyingi hubandika daftari la awali kwa siku chache ili watu walikague, na ukuta huo wa majina huwa hauna msomaji. Nenda ukalisome. Kosa la herufi moja kwenye jina linarekebishwa kwa dakika tano katika kipindi hicho. Siku ya kura haiwezekani.

Wagombea wanapatikanaje?

Hii ni hatua ambayo wapiga kura wengi huijua baada ya kupita. Mahali ambapo chama kimoja kina nguvu sana, anayeshinda ndani ya chama ndiye mbunge au diwani. Siku ya uchaguzi ni ya kuthibitisha tu. Kwa hiyo kura za maoni, au mchujo kama wanavyosema Kenya, ndizo uchaguzi wenyewe. Baadhi ya vyama huwaachia wanachama wote, vingine wajumbe wachache, vingine kamati kuu huchagua kwa mlango uliofungwa. Kadiri wajumbe wanavyokuwa wachache, ndivyo ilivyo rahisi kuwahonga.

Baada ya chama kumteua, mgombea hurudisha fomu kwa msimamizi wa uchaguzi akiwa na wadhamini na dhamana ya fedha, ambayo hupotea akipata kura chache mno. Fomu zinaweza kukataliwa. Msimamizi mwenye haki humpa mgombea nafasi ya kusahihisha dosari ndogo. Asiye na haki hutumia koma iliyokosekana kumwengua mgombea huyo, ili mpinzani wake apite bila kupingwa.

Je, mtu anaweza kugombea bila chama? Inategemea. Afrika Kusini iliwaruhusu wagombea binafsi katika uchaguzi wa bunge la taifa kwa mara ya kwanza mwaka 2024, baada ya uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa mwaka 2020. Kuhusu Tanzania, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2013 kwamba kumzuia mgombea binafsi kunakiuka haki za raia.

Kituoni kunatokea nini hasa?

Kabla ya mtu wa kwanza kupiga kura, sanduku hufunguliwa mbele ya mawakala wa vyama ili waone kwamba ni tupu, kisha hufungwa kwa lakiri zenye namba. Wakala mzuri huandika namba hizo kwenye daftari lake. Karani hutafuta jina lako, hukata karatasi, hukuonyesha kibanda. Unatia alama peke yako, unakunja, unatumbukiza, unapakwa wino.

Kura ya siri haikuwapo tangu mwanzo. Zamani watu walitaja jina la mgombea wao kwa sauti, mbele ya mwenye shamba au tajiri wao. Karatasi iliyochapishwa na serikali yenye majina ya wagombea wote, inayojazwa faraghani, ilianza katika makoloni ya Victoria na Australia Kusini mwaka 1856.

Wala si lazima iwe karatasi. Gambia imetumia gololi tangu miaka ya 1960, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma. Kila mgombea ana pipa lenye rangi yake na picha yake. Mpiga kura huingiza gololi kwenye tundu, nayo hugonga kengele ndani. Msimamizi akisikia mlio mmoja, anajua kura ni moja. Akisikia miwili, kuna tatizo. Sijaona ulinzi wa kura ulio rahisi kueleweka kuliko huo.

Chama kinaweza kujua nilimpigia nani?

Kwa kuangalia karatasi iliyomo sandukuni, hapana. Haina jina lako. Namba inayochapishwa kwenye karatasi au kwenye kishina chake ni ya kuzuia karatasi bandia, na pale ambapo sheria inaruhusu kuifuatilia, kama Uingereza, huhitaji amri ya mahakama.

Hatari ya siku hizi ni simu. Anayenunua kura hudai picha ya karatasi kama risiti, na ndiyo maana nchi nyingi hupiga marufuku kupiga picha kibandani. Ukishatoa picha umeuza pia usalama wa jirani yako, kwa sababu naye ataanza kudaiwa ushahidi.

Kura inaharibikaje?

Kwa kutia alama kwa wagombea wawili, kuandika jina lako, au kutia alama mahali pasipoonyesha wazi nani umemchagua. Alama iliyopinda kidogo lakini inayoeleweka inapaswa kukubaliwa. Sheria nyingi hutazama nia ya mpiga kura. Ukikosea kabla ya kutumbukiza, rudisha karatasi kwa karani uombe nyingine. Tangu 2013, mpiga kura wa India asiyependa yeyote ana kitufe cha kusema hivyo kwenye mashine.

Kura zinageuzwaje kuwa viti?

Hapa naomba uvumilivu, maana swali hili lina uzito kuliko kampeni zote.

Njia ya kwanza ni jimbo moja, mshindi mmoja: anayeongoza anachukua, hata kama hakufikisha nusu. Chukua jimbo lenye kura 10,000 na wagombea wanne. A anapata 3,100, B 2,900, C 2,500, D 1,500. A ni mbunge, ingawa watu 6,900 hawakumtaka. Uzuri wake ni kwamba una mbunge mmoja unayemjua kwa jina, na ukimchoka unajua wa kumwondoa. Ubaya unaonekana ukijumlisha majimbo yote. Katika uchaguzi wa Uingereza wa Julai 2024, chama cha Labour kilipata takribani asilimia 34 ya kura na viti 411 kati ya 650. Reform UK kilipata asilimia 14 na viti 5. Liberal Democrats walipata asilimia 12 na viti 72. Chama chenye kura chache kilipata viti zaidi ya mara kumi na nne, kwa sababu kura zake zilikusanyika mahali panapofaa na za mwenzake zilitapakaa nchi nzima.

Njia ya pili ni uwiano: chama kinapata viti kulingana na kura zake, kutoka kwenye orodha kiliyoitoa kabla. Afrika Kusini imetumia njia hiyo kwa bunge lake la viti 400 tangu 1994, bila kiwango cha chini cha asilimia, ndiyo maana vyama vidogo kabisa humo vina kiti kimoja au viwili. Haki ya hesabu ipo. Kinachopungua ni ukaribu: mbunge anaogopa waliopanga orodha kuliko anavyoogopa wapiga kura.

Njia ya tatu inachanganya hizo mbili, na mfano ninaoupenda ni Lesotho. Mwaka 1998 chama cha LCD kilipata karibu asilimia 60 ya kura, lakini kikachukua viti 79 kati ya 80. Hebu fikiria uko kwenye ile asilimia 40 iliyobaki na una kiti kimoja bungeni. Ghasia zilizofuata ziliteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji wa Maseru, na majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia. Walipokaa mezani hawakubadilisha watu tu, walibadilisha hesabu: kuanzia 2002, viti 80 vya majimbo vikaongezewa viti 40 vya kufidia vyama vilivyopata kura nyingi bila majimbo. Ujerumani na New Zealand hutumia hesabu za jamii hiyo.

Madiwani wanaweza kuchaguliwa kwa njia tofauti na wabunge wa nchi hiyo hiyo. Miji ya Afrika Kusini huchanganya: nusu ya madiwani ni wa kata, nusu ya orodha za vyama. Kwa hiyo usidhani kwamba ukijua hesabu ya bunge umejua na ya halmashauri.

Nikipigia chama kidogo, nimepoteza kura?

Kwenye mfumo wa jimbo moja, mara nyingi kura hiyo haileti kiti, na hilo huwasukuma watu kumpigia wanayemchukia kidogo ili kumzuia wanayemchukia sana. Australia ilipata dawa mwaka 1918: unawapanga wagombea kwa namba, 1, 2, 3. Wa kwanza wako akitolewa kwa kuwa wa mwisho, kura yako huhamia kwa wa pili.

Kwenye uwiano, angalia kiwango cha chini. Ujerumani ni asilimia 5, na chama kisichofika kinaweza kuokolewa tu kwa kushinda majimbo matatu. Februari 2025 chama cha BSW kilipata asilimia 4.98. Hakikuingia bungeni.

Rais anachaguliwaje?

Nchi nyingine hutaka wingi wa kawaida tu: anayeongoza ameshinda. Nyingine hutaka zaidi ya nusu, na asipopatikana, wawili wa kwanza hurudi kwa duru ya pili. Duru ya pili si marudio ya ya kwanza. Ghana mwaka 2008, Nana Akufo-Addo aliongoza duru ya kwanza kwa asilimia 49.1, katika marudiano John Atta Mills akamshinda kwa kura zisizofika 41,000, na ilibidi wasubiri jimbo moja, Tain, lipige kura Januari 2, 2009.

Kenya huongeza sharti la mtawanyiko: zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Nigeria nayo hudai robo ya kura katika theluthi mbili ya majimbo. Lengo ni kumlazimisha mgombea atoke nje ya kwao.

Marekani ni jambo la pekee: wapiga kura huchagua wajumbe 538, na anayepata 270 ndiye rais. Mwaka 2016 Hillary Clinton alipata karibu kura milioni 2.9 zaidi ya Donald Trump na akashindwa.

Na pale ambapo kuna waziri mkuu mwenye madaraka, huwa hachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Anatokana na anayeweza kupata wabunge wa kutosha.

Ikiwa hakuna chama kilichopata zaidi ya nusu ya viti?

Basi wanaongea. Huzaliwa serikali ya mseto, au serikali ya wachache inayoomba kura za wengine kila mswada. Afrika Kusini, Mei 2024, ANC ilipata karibu asilimia 40 na kupoteza wingi wake kwa mara ya kwanza tangu 1994. Ikaunda serikali na wapinzani wake wa siku nyingi. Ubelgiji, baada ya uchaguzi wa Juni 2010, mazungumzo yalichukua siku 541. Huduma za kila siku ziliendelea, kwa sehemu kubwa kwa sababu mikoa na manispaa zilikuwa na viongozi wao waliochaguliwa.

Nani anachora mipaka ya majimbo na kata?

Inafaa iwe tume isiyo na mgombea ndani yake, baada ya kila sensa. Mwaka 1812 gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, aliidhinisha ramani yenye jimbo lililojipinda kama mjusi ili kukinufaisha chama chake, na tangu hapo hila hiyo inaitwa kwa jina lake. Ujanja wake ni mwepesi: wasukume wapinzani wako wote kwenye jimbo moja washinde kwa kishindo huko, nawe uchukue majimbo mengine yaliyobaki kwa tofauti ndogo ya kura.

Matokeo hujumlishwaje, na wizi huingilia wapi?

Watu hutazama sanduku. Mimi hutazama fomu.

Kura zikihesabiwa kituoni mbele ya mawakala, msimamizi huandika idadi ya kila mgombea kwenye fomu ya matokeo. Mawakala husaini, hupewa nakala, na nakala nyingine hubandikwa nje ya kituo. Kisha fomu husafiri: kituo, kata, jimbo, taifa. Kila inapoingia kwenye jumla nyingine, 214 inaweza kuwa 274. Kujaza masanduku mazima kura bandia kunahitaji watu wengi na usiku mrefu; kubadilisha tarakimu kunahitaji kalamu.

Malawi wanalijua hili vizuri. Baada ya uchaguzi wa Mei 2019 zilionekana fomu zilizofutwa kwa wino mweupe wa kusahihishia na kuandikwa upya. Februari 3, 2020 mahakama ilifuta matokeo ya urais. Juni mwaka huo watu walipiga kura tena, na Lazarus Chakwera akashinda kwa zaidi ya asilimia 58.

Kinga ni kumpa kila mtu fomu ile ile. Katika uchaguzi wa 2022, tume ya Kenya iliweka picha za fomu 34A, zile za kila kituo, kwenye tovuti ya wazi. Mwanafunzi mwenye kompyuta angeweza kujumlisha nchi nzima mwenyewe, na wengi walifanya hivyo. Kama nchi yako inafanya hivi, dai iendelee. Kama haifanyi, piga picha ile iliyobandikwa nje ya kituo chako pale sheria inaporuhusu, na uhifadhi.

Si kila kosa ni wizi, nalisisitiza. Karani aliyeamka saa tisa usiku anahesabu kura saa tano usiku wa siku hiyo hiyo. Indonesia, Aprili 2019, kura za rais na mabunge zilifanyika siku moja na kuhesabiwa kwa mkono hadi alfajiri. Mamia ya wahudumu wa vituo walifariki kwa maradhi yaliyohusishwa na uchovu. Matokeo yanayotoka taratibu yakiwa na maelezo ni afadhali kuliko ya haraka yasiyo na fomu.

Nikiona matokeo si sahihi, kuna pa kwenda?

Katika kiti cha udiwani au ubunge, karibu kila mahali: mahakamani, ndani ya muda mfupi. Kwa urais inategemea katiba. Tanzania, Ibara ya 41(7) inazuia mahakama kuchunguza ushindi wa rais uliotangazwa na tume. Kenya, Mahakama ya Juu ina siku 14 kuamua, na Septemba 1, 2017 ilifuta uchaguzi wa rais na kuagiza urudiwe. Austria nayo ilirudia duru ya pili ya urais mwaka 2016 kwa sababu bahasha za kura za posta zilishughulikiwa kinyume cha utaratibu, ingawa hakukuwa na ushahidi kwamba matokeo yalichezewa. Hapo naona fundisho kwa wasimamizi wa kila ngazi: utaratibu ukivunjwa, hata bila wizi, kura za watu hazina tena ushahidi.

Mahakama haisikilizi uvumi. Inasikiliza fomu zenye saini, namba za lakiri, na wakala aliyekuwepo hadi mwisho. Chama kisichowalisha mawakala wake siku ile kitafika kortini mikono mitupu.

Mbunge au diwani akifariki au akihama chama katikati ya muhula?

Kwenye mfumo wa majimbo hufanyika uchaguzi mdogo. Kwenye orodha, anayefuata hupanda. Anayehama chama hupoteza kiti Kenya, Tanzania na Afrika Kusini. Uingereza hubaki nacho.

Kwa nini mshindi haapishwi mara moja?

Uingereza waziri mkuu mpya anaweza kuingia ofisini siku inayofuata. Marekani husubiri kuanzia Novemba hadi Januari 20. Muda huo ni wa kesi, makabidhiano na kupanga serikali, lakini ni muda wa hatari pia, kwa sababu aliyeshindwa bado ana jeshi na hazina mikononi.

Gambia, Desemba 2016, zile gololi zilipohesabiwa Yahya Jammeh alikuwa ameshindwa na Adama Barrow baada ya miaka 22 madarakani. Alimpigia Barrow simu ya pongezi, na watu waliiona kwenye televisheni. Wiki moja baadaye alibadili kauli na kuyakataa matokeo. Nchi za Afrika Magharibi zilituma wapatanishi, kisha zikapeleka majeshi mpakani. Januari 19, 2017 Barrow aliapishwa kwenye ubalozi wa Gambia mjini Dakar, Senegal. Siku mbili baadaye, usiku, Jammeh alipanda ndege akaondoka.